Kilti Arusha na Moshi: Namna ya Kuishonesha na Kuivaa Kama Nguo ya Kila Siku

Mwanamume anayeuliza kama kilti, yaani lile vazi la marinda ambalo wanaume wa Uskoti hujizungushia kiunoni, inafaa kuvaliwa Arusha katika siku ya kawaida, pasipo harusi wala tamasha, huwa anauliza mambo mawili kwa pamoja: kama ni sawa kwa mwanamume kutoka nyumbani bila suruali, na kama nguo ile ya Waskoti inaweza kustahimili jua, vumbi, matope na bodaboda za mji huu. La kwanza limekwisha kujibiwa na wenyeji wenyewe. Ukipita karibu na Soko la Kilombero utakutana na wanaume wa Kimaasai na wa Kiarusha waliojifunga shuka wakifanya biashara zao. Ijumaa utawaona waliovaa kanzu wakielekea msikitini, na wengi wao wakirudi nyumbani jioni hubadilisha na kujifunga msuli. Jumapili padre husimama madhabahuni akiwa amevaa vazi linalofika miguuni. Hakuna anayewauliza suruali zao ziko wapi. La pili ndilo gumu, na ndilo ninalolishughulikia hapa. Maoni yangu ni kwamba kilti inafaa kabisa, ila si ile ya yadi nane za sufu inayouzwa Edinburgh, bali iliyoshonwa hapahapa kwa kitambaa chepesi zaidi, huku fundi akizishika zile kanuni chache za Waskoti zenye sababu ya kuwapo na kuziacha zilizobaki.

Kabla ya kwenda kwa fundi ni vema ujue historia yake kidogo, kwa kuwa utaulizwa. Mwishoni mwa karne ya 16, wanaume wa nyanda za juu za Uskoti walikuwa wakivaa kipande kimoja kikubwa cha sufu, kilichokusanywa marinda na kubanwa kiunoni kwa mkanda, kisha sehemu ya juu ikatupwa begani. Mtu aliyezoea kuona lubega hahitaji kuelezwa zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 18 nusu ya chini ilitenganishwa na kushonwa peke yake, na hiyo ndiyo kilti tunayoijua. Baada ya vita vya Culloden vya mwaka 1746, ambako waasi kutoka nyanda hizo walishindwa na jeshi la mfalme, bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowakataza wanaume na wavulana wa Uskoti kuivaa, isipokuwa wale waliokuwa jeshini. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita, na la pili lilikuwa kupelekwa ng'ambo kwa miaka saba. Katazo lilianza kutumika tarehe 1 Agosti 1747 na halikufutwa hadi mwaka 1782. Mwaka 1822 Mfalme George IV alipozuru Edinburgh alivaa kilti mwenyewe, na vazi lililokuwa la wachungaji na wapiganaji likawa vazi la heshima la taifa zima.

Arusha nayo ina sura yake katika habari za namna hiyo. Kuanzia mwaka 1967 serikali iliendesha operesheni ya kuwataka Wamaasai waache shuka na kuvaa nguo zilizoitwa za kisasa, na katika miezi iliyofuata waliovaa mavazi yao ya asili walikataliwa katika mabasi na sehemu za huduma. Operesheni ilipita, shuka ingali inatembea Barabara ya Sokoine. Anayekuambia kwamba suruali ndiyo vazi la asili la mwanamume wa huku, mkumbushe habari hiyo kwa upole.

Amua kwanza utaivaa wapi

Kilti ya kila siku haimaanishi kilti ya kila mahali. Ikiwa wewe ni mtumishi wa umma, kuna mwongozo wa mavazi kazini, na sioni faida ya kugombana na mkuu wako wa idara kwa sababu ya marinda. Karakana yenye mashine zinazozunguka haifai, kwa kuwa kitambaa kinachopepea hunaswa kwa urahisi. Kazi ya kupanda ngazi mbele za watu haifai pia, na sababu haihitaji kuandikwa. Msibani, hasa kijijini mlimani ambako wazee wa ukoo wamekaa, usiipeleke kwa mara ya kwanza, kwa maana siku ile watu wamekuja kumlilia marehemu na haikubaliki wewe uwe habari ya siku. Dukani kwako, sokoni, kwenye karakana ya seremala au ya fundi viatu, katika matembezi ya jioni, kuongoza wageni mjini, hata kanisani ikiwa umekwisha kuonekana nayo mtaani, inafaa.

Chagua kitambaa, na zaidi ya hapo rangi

Sufu ya kilti ya Kiskoti huwa na uzito wa takriban gramu 400 hadi 500 kwa mita, na kilti iliyokamilika ya yadi nane, yaani zaidi kidogo ya mita saba, huwa na uzito wa takriban kilo mbili. Uzito huo una kazi: ndio unaofanya marinda yaanguke sawasawa na yasipeperushwe na upepo. Kwa hiyo usikimbilie kitambaa chepesi mno kwa kuogopa joto. Tafuta gabadini nzito ya suti, au kaki nzito ya kushonea suruali za kazi. Arusha, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, ina asubuhi za baridi kali mwezi Juni na Julai, na hapo gabadini nzito haitakuchosha. Moshi iko chini zaidi na joto lake ni jingine, kwa hiyo mtu wa Moshi achague kaki ya pamba inayopitisha hewa, akijua kwamba ataipiga pasi mara nyingi zaidi. Kipime kitambaa dukani kwa kukikunja, kukibana kwa kucha na kukiachia: kikirudi kunyooka papo hapo bila kuacha alama, hakitashika marinda. Kiinue kielekee kwenye mwanga, na ukiona vidole vyako upande wa pili, kirudishe.

Sasa rangi. Kosa linaloweza kuharibu shughuli nzima ni kununua bluu ya giza isiyo na mapambo na kuivaa kwa shati jeupe. Hiyo ni sare ya msichana wa shule ya msingi ya serikali, sketi ya marinda na yote, na hata ushone kwa ustadi gani, watoto wa mtaa mzima watakusindikiza. Kijivu kilichoiva, kahawia, kijani cha majani makavu na nyeusi ni salama, ingawa ni busara kuangalia kwanza sare za sekondari zilizo jirani nawe. Mabaka ya kijeshi usiyaguse kabisa: kilti nyingi za kisasa zinazouzwa ng'ambo zina mabaka hayo, lakini sheria ya Tanzania inamkataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na askari hatasimama kusikiliza maelezo kuhusu Uskoti.

Wengi hutamani kuishonesha kwa shuka ya Kimaasai, kwa sababu miraba yake myekundu inafanana na ile ya Waskoti. Mimi siipendekezi. Kitambaa cha shuka kimefumwa kwa kulegea, hakishiki marinda, na baada ya kufuliwa kidogo huanza kutoa vinyweleo pale unapokalia. Tena shuka ni vazi kamili lenye wenyewe. Ukiipenda, jifunge kama shuka. Ama miraba ya Kiskoti yenyewe, nchini kwao ina daftari rasmi la usajili lililoanzishwa mwaka 2009, na baadhi ya miraba huhesabiwa kuwa ya koo fulani; mingi hakuna sheria inayomzuia mgeni kuivaa, ila ile iitwayo Balmoral imeachiwa familia ya kifalme. Kwa kilti ya kwanza, kitambaa cha rangi moja ni bora kwa sababu ya ufundi pia: miraba humlazimu fundi apange kina cha kila rinda ili mistari ifuatane mgongoni, na hiyo si kazi ya kujifunzia.

Vipimo na hesabu ya marinda

Fundi mwenye uzoefu wa sketi za shule atakuambia kwamba anaijua kazi hii, na kwa sehemu kubwa anasema kweli. Tofauti zilizopo ni chache lakini ndizo zinazoitenganisha kilti na sketi, kwa hiyo zieleze mapema na uziandike kwenye karatasi utakayomwachia. Kilti ni kipande kimoja kinachozungushwa mwilini. Haina zipu wala lastiki. Mbele kuna sehemu mbili bapa zisizo na marinda, moja juu ya nyingine, na marinda yote yako nyuma. Bapa la nje hufungwa upande wa kulia wa mvaaji. Fundi atataka kuweka lastiki kiunoni ili kurahisisha. Mkatalie, maana lastiki ikishaingia, umeshonewa sketi.

Vipimo ni vitatu. Kiuno hupimwa usawa wa kitovu, si pale chini unapofungia mkanda wa suruali. Nyonga hupimwa mahali penye upana mkubwa kuliko pote. Urefu huanzia usawa wa kitovu na kuishia katikati ya goti. Ukitaka kuhakikisha, piga magoti sakafuni, na pindo liwe limeachana na sakafu kwa kiasi cha vidole viwili. Ikipanda juu ya goti itaonekana ya mtoto, na ikishuka hadi kwenye ugoko itakupunguzia hatua na kukufupisha mbele za watu.

Tuchukue mfano wa mwanamume mwenye kiuno cha sentimita 84, nyonga sentimita 96 na urefu wa sentimita 60. Nusu ya mzunguko ni mbele na nusu ni nyuma, kwa hiyo kila bapa litakuwa na upana wa sentimita 48 kwenye nyonga, na marinda nayo yatajaza sentimita 48. Ukiweka marinda 12, kila moja litaonekana kwa sentimita 4 kwenye nyonga na sentimita 3.5 kiunoni, maana 12 mara 3.5 ni 42, ambayo ni nusu ya kiuno chake. Kwa kina cha sentimita 10, kila rinda hula sentimita 20 zilizofichika pamoja na 4 zinazoonekana, yaani 24. Marinda yote yanahitaji sentimita 288. Ongeza mabapa mawili, sentimita 96, na takriban sentimita 30 za kukunjia kingo na kuachia akiba pembeni, unapata sentimita 414. Hizo ni mita nne na kidogo, si saba za Kiskoti, na kwa hali ya hewa yetu zinatosha. Mwendo wa marinda bado utauona unapotembea.

Hapa kuna siri itakayokupunguzia gharama. Vitambaa vingi vya suti vina upana wa sentimita 150. Nunua mita 2.3 tu, kisha fundi akipasue kitambaa katikati kwa urefu wake apate vipande viwili vyenye upana wa sentimita 75, aviunge kwa mshono utakaofichwa ndani ya rinda. Kila kipande kitabaki na ukingo mmoja wa kiwandani usiofumuka. Ukingo huo ndio uwe chini. Ndivyo wanavyofanya mafundi wa Uskoti, na ndiyo sababu kilti nzuri haina pindo lililokunjwa: kitambaa huanguka chini kikiwa huru, bila uzito wa mshono unaokivuta. Kitakachokatwa juu kitatosha kwa mkanda wa kiunoni na lupu za kupitishia mkanda wa ngozi.

Mwombe fundi apige bandi kwanza marinda yote, ujaribu, utembee, ukae kwenye kigoda, ndipo atie cherehani. Marinda yashonwe kutoka kiunoni hadi kwenye nyonga, kama theluthi ya urefu, na kuanzia hapo yaachwe wazi. Akiishia juu ya hapo, yatafumuka upande wa makalio kila unapoketi. Akiyashusha zaidi, utatembea kama aliyefungwa gunia. Bitana iwekwe sehemu ya juu tu. Hakikisha pia amenyoosha kila rinda kwa pasi na kitambaa kibichi kabla ya kukukabidhi, kwa maana alama ya mkunjo wa kwanza ndiyo itakayokuongoza nyumbani miaka yote.

Kufunga na kuvalia

Bizimu mbili au tatu za ngozi hutosha, na hizi usimwachie fundi cherehani. Mafundi viatu wanaotengeneza kobazi na mikanda wanaweza kukushonea vipande vya ngozi vya kudumu. Unapovaa, marinda yawe mgongoni; leta bapa la ndani kutoka kulia kuelekea kushoto, pitisha kipande chake cha ngozi kwenye tundu lililoachwa upande wa kushoto na ukifunge; kisha leta bapa la nje kutoka kushoto, ulifunge kulia. Ile pini kubwa inayoonekana pembeni mwa kilti za Kiskoti huchomwa kwenye bapa la nje peke yake, kwa kazi ya kulitia uzito. Ukiyabana mabapa yote mawili pamoja, utachana kitambaa siku utakayoruka mtaro.

Kilti ya asili haina mifuko, ndiyo maana Waskoti huning'iniza kipochi cha ngozi mbele, kiasi cha upana wa kiganja chini ya mkanda. Kwa matumizi ya mjini una njia mbili: kuwashonesha mafundi ngozi kipochi cha namna hiyo, kitakachobeba simu na pochi huku kikilituliza bapa la mbele wakati wa upepo, au kumwagiza fundi cherehani aweke mifuko pembeni, kama zinavyoshonwa kilti za kazi ambazo kampuni moja ya Seattle ilianza kuziuza mwaka 2000. Napendelea kipochi, kwa kuwa mifuko iliyojaa funguo huvuta nguo na kuharibu mpangilio wa marinda, lakini kwa seremala mifuko ina maana zaidi.

Juu, vaa vitu vya kawaida kabisa: shati la rangi moja, fulana nzito yenye kola, au sweta asubuhi za Julai. Koti fupi linapendeza. Koti refu linalofunika nusu ya marinda halipendezi. Miguuni, buti za ngozi na soksi nzito zilizokunjwa chini ya goti ndizo zinazoipa kilti umbo la kiume, na kwa siku za joto Moshi kobazi za ngozi zinakubalika. Raba nyeupe za michezo ziache. Usivae kila kitu cha Kiskoti kwa pamoja, kofia, soksi zenye vishada na kisu kwenye soksi, kwa sababu hapo utakuwa umevaa sare ya maonyesho, na lengo letu lilikuwa nguo ya kwendea dukani.

Kuhusu kinachovaliwa ndani, yale masimulizi kwamba Mskoti halisi havai kitu ndani yaache hukohuko kwao. Vaa bukta ya kubana inayofika katikati ya paja. Wale watakaokuletea Kumbukumbu la Torati 22:5, kuhusu mwanamume kuvaa mavazi ya mwanamke, wajibu kwamba nguo hii ilianza kwa wanaume na imeendelea kuwa yao. Na kama mazungumzo yataendelea, waelekeze Kutoka 28:42, ambapo makuhani wanaagizwa kushonewa suruali za kitani za kuvaa ndani ya kanzu zao, zinazofika mapajani. Nadhani hiyo ndiyo bukta.

Kutembea, kupanda na kuketi

Kwenye bodaboda ndipo watu wengi watakapojifunza. Usikae upande. Kabla ya kupanda, kusanya marinda ya nyuma kwa mkono mmoja, uyapitishe chini yako unapoketi, na bapa la mbele ulikunje katikati ya mapaja na kulibana kwa kipochi au kwa mkoba. Marinda yasining'inie karibu na gurudumu wala bomba la moshi, ambalo huunguza kitambaa kwa mguso mmoja. Bajaji ni rahisi zaidi. Kwenye daladala iliyojaa, pita ukiwa umeshika marinda ya nyuma mkononi, kwa sababu kondakta akifunga mlango nayo yakiwa nje, utashuka nayo nusu.

Kuketi kunahitaji mazoea ya siku chache: pitisha kiganja nyuma kutoka kiunoni kushuka, marinda yalale, ndipo ukae. Ukisahau, utainuka na mikunjo isiyo na mpango. Magoti yanaweza kuachana, mradi kitambaa kimeshuka katikati yake.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, matope ya barabara za mitaani hurukia mashavu ya miguu badala ya nguo, na hapa kilti inaishinda suruali waziwazi: unafuta miguu kwa kitambaa kibichi ukaendelea na kazi. Vumbi la kiangazi ndilo adui wake, kwa kuwa huingia ndani ya marinda na kukaa humo; ikung'ute kila jioni nje ya nyumba, ukiwa umeishika kiunoni.

Kuifua kusikutishe. Piga bandi marinda yote chini karibu na pindo kwa uzi mrefu wa rangi tofauti, iloweke kwenye maji ya baridi yenye sabuni ya unga kidogo, ikandamize bila kuisugua wala kuikamua, na uianike kivulini ikiwa imeshikwa kiunoni. Ikikauka nusu, ipige pasi bandi ikiwa bado ipo, kwa kutandaza kitambaa cha pamba kilicholowa maji yenye siki kidogo. Siki husaidia mkunjo kushika. Kwa pasi ya mkaa jihadhari zaidi, maana gabadini yenye polista huyeyuka na kung'aa kabla hujanusa chochote. Ukinenepa au ukipungua, usishoneshe nyingine haraka: fundi viatu ataziondoa bizimu na kuzihamisha kwa sentimita tatu au nne, na zile sentimita za akiba ulizoacha pembeni zitamaliza kazi iliyobaki.